Weusi wa Tabla

Campbelltown, 12 Julai 2021

Mjukuu wangu Shirleen,

Hujambo, mama? Mimi mzima, ila nyonga bado inauma tangu nianguke bafuni, na chai ya nyumba hii ya wazee ni maji ya kuoshea vikombe. Simu usipige, siisikii vizuri. Andika.

Nina ombi. Chumbani kwangu kuna tabla zangu, ngoma mbili, ndogo ya mti na kubwa ya shaba. Ndiyo, zile nilizokukataza kugusa tangu upange chumba kwangu mwaka jana. Leo nakuruhusu. Tarehe kumi na tano Agosti ndiyo siku aliyofariki mke wangu Savita. Kila mwaka siku hiyo napiga wimbo aliokuwa akiuimba jikoni kwetu Kisumu. Sijawahi kukosa. Nitumie, tafadhali.

Babu yako,
Jashbhai

Seven Hills, 21 Julai 2021

Babu, shikamoo.

Nyonga inaendeleaje? Mimi niko salama, ila nyumba yako imenyamaza mpaka naongea na friji. Kwa hii lockdown siwezi kuja, kwa hiyo tabla nimempa mtu wa vifurushi.

Lakini Babu, zilikuwa chafu, wueh! Huko kwenye nyumba ya wazee walisema kila kinachoingia kisafishwe, na mimi mwanafunzi wa unesi unanijua. Nimezipiga spiriti nje na ndani. Yale madoa meusi katikati ya ngozi yalinitoa jasho, magumu kama ukoko wa ugali. Nikayaroweka, nikayasugua kwa brashi mpaka yakatoka yote. Sasa ngozi nyeupe pepepe. Utanishukuru baadaye.

Mjukuu wako,
Shirleen

Campbelltown, 30 Agosti 2021

Mjukuu wangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa kujibu. Tabla zilifika, safi sana. Siku ya Savita nilipiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho. Ahsante. Kula vizuri, usiishi kwa mkate.

Babu

Seven Hills, 24 Oktoba 2021

Babu, shikamoo. U mzima?

Wametufungulia. Jana nilienda Harris Park, kwenye duka la vyombo vya muziki vya Kihindi, nikununulie ile poda unayojipaka vidoleni. Nikamsimulia mwenye duka, tena kwa kujigamba, nilivyozing'arisha. Yule baba alishika kichwa. Kumbe ule weusi si uchafu! Ni unga wa chuma uliokandwa na kupakwa tabaka kwa tabaka, na bila huo tabla ni kopo tu. Ngozi mpya huagizwa India, na mizigo bado imekwama.

Nimelia kwenye treni mpaka barakoa ikalowa. Nimekuharibia siku ya Bibi. Kwa nini uliniambia ulipiga? Ulipiga nini, Babu? Nisamehe.

Shirleen wako

Campbelltown, 2 Novemba 2021

Mjukuu wangu,

Kwanza acha kulia. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto, ninaoandikia, umekufa ganzi tangu wiki jana, na barua hii ananiandikia nesi Ange. Anakusalimu.

Sikukudanganya. Nilipiga. Nilipofungua boksi nikagonga ile ndogo, ikawa kama nagonga gunia la unga. Nilikasirika, sikufichi, hata chakula nilikataa. Siku yenyewe ilipofika nikapindua sinia yao ya chakula, nikaiweka mapajani, nikampigia Savita. Mzee wa kitanda cha pili alilalamika. Sauti ilikuwa mbaya mno. Nadhani Savita alicheka.

Lakini kosa si lako peke yako. Mwaka mzima ulikuwa ukisimama mlangoni nikipiga, unataka kuuliza, nami naufunga mlango. Hata Savita sikumruhusu kuzigusa, na aliniomba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ngozi. Ningekufungulia, ungejua ule weusi ni nini, na wimbo wake tungekuwa tunaujua wawili. Sasa nimebaki nao kichwani peke yangu, na mkono mmoja.

Jumapili wanaruhusu mgeni. Poda usilete. Njoo mapema tu, sinia ninayo.

Babu yako