Simu Yenye Tundu Lake Peke Yake

Mdogo wangu Achieng',

Nisamehe kuchelewa kuandika. Mtoto anaota meno, na omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, ya kuanika hainingoji. Hapa Muhuru Bay sisi wazima.

Umeuliza kama unitumie hiyo simu mpya isiyokubali chaja ya simu nyingine. Nikiwa msichana, mama alikuwa na ya namna hiyo. Majirani walimtania kwa kumwita binti wa Oyugis, "Nyar Oyugis, hiyo yako inakula nini?" Uzuri wake, hakuna aliyeiazima chaja, ikadumu. Ila siku waya wake ulipokatika, ufuo mzima haukuwa na nyingine, na wateja wa omena wakapiga bila kumpata.

Kweli hiyo inajaa haraka? Hilo nalitamani. Basi nitumie simu, chaja moja ya nyumbani, na nyingine ya kuacha kwenye kibanda cha kuchaji simu, mwingine akinunua kama yangu asihangaike.