Stima ya Babu

Rissne, Stockholm
12 Mei

Kwako kaka Cliff,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto. Natumai mgongo umepoa na umerudi shambani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, mwezi wa tano bado navaa koti.

Ile kazi niliyokwambia nimeipata. Natembeza wageni wanaosema Kiswahili ndani ya behewa la kale, kwenye reli ya kwenda mji jirani. Waswidi wanaisifu hiyo reli utadhani waliizaa wenyewe. Ati zaidi ya miaka mia imepita tangu ilipotupa makaa ikashika umeme, watu wakaanza kulala mji huu na kufanya kazi ule. Kutwa nzima ni picha za nyaya na mabwana wenye masharubu.

Lakini aliyenichosha kabisa ni Hamid, mzee wa Tanga anayefagia mabehewa hayo mwaka wa kumi na mbili sasa. Magoti yamemwisha, naye aliomba kazi hiyohiyo kabla sijaipata, ya kukaa na kueleza. Tukaambiwa kila mmoja aandike historia ya reli kwa Kiswahili. Mimi nikaandika kwamba reli iliacha moshi ikaanza kutumia stima, kama sisi kwetu tunavyouita umeme. Hamid akasoma, akavua miwani, akasema kwa maringo yake ya pwani kwamba stima ni meli ya moshi, kwa hiyo reli yangu imeacha moshi ikarudia moshi. Ati nini? Hawa watu wanafikiri lugha ni ya mama yao. Bili ya stima hajawahi hata kuiona.

Msimamizi, Mswidi asiyejua hata "jambo", alipoelezwa ubishi wetu akaniuliza kama neno hilo lina maana ya meli. Nikamjibu, "Halina. Mzee amechanganyikiwa." Hamid akachukua ufagio wake, nami nikapewa kazi.

Kaka, nilijua. Hata wewe unajua. Babu alichochea makaa kwenye meli ya ziwani pale Kisumu, na ile picha yake kando ya meli iko ukutani kwangu. Nyuma ameandika kwa mkono wake, "Mimi na stima yetu." Sasa kila asubuhi namwamkia Hamid shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anainama kufagia nilipokanyaga. Wa kudharauliwa hapa ni mimi.

Kesho nampelekea msimamizi hiyo picha, aone meli, aone na neno. Ukisikia nimerudi kuosha vyombo hotelini, mwambie mama nilijitakia.

Wasalimie wote, na kaburi la babu ulipalilie kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Eve