Vinyanya Vilivyokosa Maji

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zako za huko Dodoma zimetufikia. Sisi tu wazima, mpunga umeshavunwa, na babu yako anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini vinyanya vyako vinazaa sana lakini havina ladha. Mwaka nilioolewa hapa Namawala, nilivimwagilia vyangu asubuhi na jioni. Vilinenepa, ila vilikuwa maji matupu. Kisha babu yako akaugua, akalazwa Ifakara, nami nikaenda kumuuguza. Hayo tuyaache.

Tuliporudi, majani yalikuwa yamenyauka kwa kukosa maji, lakini vinyanya vichache vilikuwa vimeiva, vidogo na vyekundu sana. Babu yako alikuwa bado hataki chakula. Nikamchumia kimoja. Alikitafuna, kisha akasema, "Niongezee."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia polepole, "Mwanangu, kapike wali."

Tangu hapo, vikianza kubadilika rangi, napunguza maji, navyo huwa vitamu. Babu yako husema vile vya siku ile vilikuwa vitamu zaidi. Sijawahi kumbishia.

Ubaki salama, mama.

Bibi yako