Mizani ya Marehemu Eliakimu

Alhamisi, Usa River. Ukungu umeshuka toka mlimani hadi mlangoni mwa karakana, saa nne asubuhi bado nimewasha taa. Mbwa wa bosi kagoma kuingia. Mimi nimeingia, maana mbwa halipwi mshahara.

Kwa usiyenijua: mimi ni fundi bunduki wa mwindaji mmoja mwenye vibali vyake vyote. Shule niliishia darasa la saba, lakini Lubumbashi nimefika, Dubai nimefika, na mashine ya kunishinda haijaundwa. Sasa nimerithishwa pia kazi ya marehemu Eliakimu, ya kujaza upya maganda ya risasi. Baruti inapimwa kwa mizani, kidogo kidogo. Ikizidi, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Ikipungua, nyati haanguki. Na anayetangulia kumfuata huyo nyati ni Lomnyaki, msoma nyayo wetu, kaka wa mke wangu.

Bosi kaniachia nichague: mizani mpya ya dijitali, au ile ya zamani ya mkono na sindano, ya Eliakimu. Jumapili nje ya kanisa nilishatangaza kwamba mtu wa kisasa hupima kisasa.

Uongo. Ile ya zamani naiogopa.

Tangu tumzike Eliakimu imefunikwa kitambaa chake, hakuna aliyeigusa. Wapishi wanasema wakipita dirishani huisikia ikigonga. Tik. Kisha kimya. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema marehemu anadai ovataimu.

Leo nikaweka kijiwe cha chuma cha kupimia juu ya ile mpya. Ikasoma sawasawa. Nikakitoa, nikakirudisha. Kimepungua. Nikarudia. Kimepungua tena. Nikafunga dirisha, nikazima redio, simu nikaiweka nje. Kijiwe nikakishika mkononi, nikasogea mbali. Sahani ikiwa tupu, namba zikaanza kupanda zenyewe, polepole, kama kuna kidole kinaikandamiza.

Lomnyaki akachungulia mlangoni.

"Shemeji, unapima nini hapo na sahani haina kitu?"

"Napima akili zako."

"Basi ninazo, maana inapanda!" Akacheka peke yake. Aliponiona usoni akaacha. "Chagua vizuri, shem. Jumatatu porini ni mimi naenda mbele."

Akaondoka. Nikaenda kukifunua kile kitambaa.

Vumbi mezani, vumbi kwenye kitako, vumbi kwenye mkono wa mizani. Sahani tu ndiyo inang'aa. Imefutwa, vile vile Eliakimu alivyokuwa akiifuta kwa pindo la shati kabla ya kila risasi.

Ufunguo wa karakana ninao mimi tu.

Nikaweka kijiwe. Sindano ikacheza kidogo, ikatulia kwenye mstari. Nikarudia mpaka mkono ukachoka. Pale pale.

Nikasema asante, tena kwa sauti. Sikumgeukia niliyekuwa namwambia.

Ya dijitali nimeirudisha kwenye boksi lake. Jumapili watanicheka mpaka wakae chini, na wacheke tu. Sitampeleka ndugu wa mke wangu mbele ya nyati kwa namba zinazotembea.

Kesho najaza risasi zake kwa mizani ya marehemu. Ila hata ufunguo nikiwa nao mkononi, na karakana nikijua haina mtu, nitapiga hodi kwanza.