Kiti Kwenye Foleni ya Mafuta

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya tano. Asubuhi kama jana: mswaki kwa maji ya chupa, kukunja shuka, kuitika namba. Mimi ni hamsini na mbili. Kituo hakina tone la esansi. Mhudumu amelala kwenye benchi, kofia usoni.

Sheria ya foleni tuliiweka wenyewe. Kuna daftari, na namba zinaitwa asubuhi na adhuhuri. Usipoitika unafutwa, unaanza upya mkiani. Hata ningetaka kuondoka, gari haliwezi. Nilimaliza mafuta yangu ya mwisho kuja hapa kutafuta mafuta. Akili za mtu aliyeendesha teksi miaka kumi na tisa hizo.

Majina hatujuani. Tunaitana kwa magari. Mimi ni Nyekundu. Mbele yangu ni Kijani, mzee mwenye shati la kanisa. Nyuma yangu ni Pikapu, fundi wa Buyenzi, anaswali pembeni mwa gurudumu lake.

Leo tumesogea kidogo, waliochoka wameondoka. Injini haziwashwi, tunasukuma. Mzee wa Kijani aliniomba nimsaidie. Nilijitia hamnazo, nikainamia daftari hili. Pikapu akamsukumia. Sioni aibu. Mgongo ni wangu.

Jumanne, 10 Juni

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mama lazima awe kliniki. Naandika ili nisijidanganye. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wageni wapo wiki hii tu na jina lake limo. Muuguzi alimwambia mke wangu kwamba asiyefika siku yake asubiri mwakani.

Tunakaa Carama. Mabasi hayapo, yako foleni kama mimi. Baiskeli ya abiria inaweza kumfikisha hapa nilipo tu. Kuingia mjini, kliniki iliko, haziruhusiwi. Na magoti ya mama hayamfikishi hata getini.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba yenye geti la buluu. Mama wa hapo hututolea chai kila siku, bure. Mpaka jana nilikataa. Nilidhani mwishoni atataka kitu. Leo njaa imenishinda, nimekunywa vikombe viwili. Haina sukari, sukari nayo imeadimika. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumatano, 11 Juni

Lori la mafuta limevuka mpaka. Hapana, limekwama. Hapana, linakwenda kituo kingine. Wanne waliamini, wakasukuma magari yao huko. Wamerudi jioni, mkiani.

Roho juu tangu alfajiri. Nikiacha gari, namba imekwenda, na bila mafuta watoto hawali. Nikibaki, mama haoni tena. Nimekaa nyuma ya usukani kama mfungwa, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Mchana nililia. Mzee wa Kijani aliniona, akaja kuegemea dirisha. Nikamwambia yote, sijui kwa nini. Akasema kwao Muramvya mgonjwa habebwi na watu wake peke yao. "Tunamuweka mu ingobyi, watu wane wanabeba. Ule tunakutana naye njiani, anashika. Hatumuulize ni wa nani."

Ingobyi, ile machela ya kufuma ya milimani, naijua kwa kusikia tu. Nimezaliwa mjini. Nilimjibu vibaya: "Muzee, huku hakuna ingobyi."

Alilitazama gari langu, akapiga paa lake kwa kiganja. "Hii si iko na magurudumu," akasema, akaenda zake.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike yote.

Mke wangu alimleta mama kwa baiskeli saa moja. Tulimkalisha nyuma. Sikujua kwamba mzee alikuwa ameshazungumza na watu. Wakaja sita. Pikapu alivua kandambili, akazitupa ndani ya gari. Nilienda nyuma nisukume nao, akanirudisha. "Apana, we shika usukani. Mikono tuko nayo. Esansi tu njo hatuna."

Mpaka darajani ni tambarare. Baada ya daraja kuna mwinuko. Hapo nilianza kusikia pumzi zao. Kwenye kioo nilimwona mzee wa Kijani katikati yao, yule yule niliyemnyima mkono Jumatatu. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke mwenye beseni la ndizi alilitua kando ya njia, akasukuma nao mpaka juu, akarudi kulifuata. Polisi alisimamisha pikipiki ya serikali ili tupite.

Mama akauliza, "Ni banani hao?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli.

Saa tatu kasoro tulikuwa mlangoni. Mke wangu akabaki naye. Sisi tukageuza gari, na safari hii nilisukuma na mimi. Namba za asubuhi zilikuwa zimeshaitwa na wote saba tulijua maana yake. Watu sita wamepoteza siku nane za foleni kwa ajili ya mama wa mtu mwingine.

Tulipofika, magari yao yalikuwa yamesogezwa mbele pamoja na foleni. Kila namba yao ilipoitwa, kuna mtu aliwaitikia: yuko. Na mahali pa gari langu, katikati ya lami, juani, palikuwa na kiti cha plastiki. Mama wa geti la buluu amekikalia, kitenge kichwani. Mwenye daftari la namba alipotaka kunifuta, mama huyo alimwambia, "Hamusini na mbili ni mi."

Niliwaza asante tangu darajani. Mdomo ulikataa. Niliingia ndani ya gari nikajifanya natafuta kitu.

Ijumaa, 13 Juni

Lori limekuja asubuhi. Kelele, honi, kila mtu na lake. Nimejaziwa, nimewasha, nimemkimbilia mama. Wamelifanya jicho la kulia, limefungwa bandeji. La pili mwakani.

Nilipopita tena kituoni, Kijani hayupo. Pikapu hayupo. Kandambili zake ziko chini ya kiti cha nyuma. Amekwenda peku na mimi sikumuuliza hata jina. Najichukia.

Jumapili, 15 Juni

Bandeji imetoka jana. Mama ameniambia nimezeeka.

Baada ya misa akataka kuwaona waliomsukuma. Nilimwambia hawapo. Akasema twende hivyo hivyo. Mafuta yameisha tena kituoni, foleni nyingine imeshajipanga, sura ngeni tupu. Mama akashuka, akapita gari baada ya gari, anamshukuru kila dereva kwa mikono miwili. Walipokea, hawaelewi. Nikamnong'oneza kwamba si hawa.

"Najua. Sauti si zile," akasema, akaenda kwa mwingine.

Karibu na geti la buluu, kiti kile kile kilikuwa barabarani, kwenye pengo kati ya magari mawili. Mama wa geti amekikalia. Nikamuuliza ni nafasi ya nani. Mtu wa gari jeupe, akasema. Amepatwa na msiba Ruziba, wenzake wamemsukuma. Jina hajui.

Jua lilikuwa kali. Nikamwambia ainuke, apumzike. Nikasema na asante, ya leo na ya Alhamisi. Alicheka kidogo, akamshika mama mkono, wakaingia ndani kunywa chai.

Naandika nikiwa kwenye kiti. Kandambili za Pikapu nimeziweka miguuni pangu, labda atapita. Kupitia geti lililo wazi namwona mama, anatazama kikombe, anatazama ukuta, ananitazama mimi.

Mwenye daftari anakuja. Ameita thelathini na moja, namba ya gari jeupe.

Nimeitika: yuko.