Zimwi Lililovua Kichwa

Jumatano, 4 Juni

Leo tena nimevaa kichwa. Sponji ya godoro, rangi ya kijani, meno ya chupa ya plastiki. Jasho mpaka machoni. Eddo, mwenye sinema, katoka Dar. Ni sinema ya kuchekesha: zimwi linatoka kwenye mikoko kunyonya damu za watu, kumbe linaogopa kuku. Kanichukua mimi kwa sababu siongei ovyo. "Dogo, tembea kama zimwi." Mimi mwendo wa kutisha najua mmoja tu. Nikautembea. Wakashangilia wote. Nikasikia raha. Hakuna aliyewahi kunishangilia wakati ananijua ni mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Kipande cha mwisho. Zimwi limechoka kukimbizwa na jogoo, linakuja kwa mwendo wangu uleule. Linavua kichwa, linakunywa soda. Sura yangu wazi. Eddo kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatatu, 9 Juni

Kile kipande cha kuvua kichwa Eddo kakirusha mtandaoni, kimesambaa. Hapa kijijini Ziwani kila simu inacho. Hata mjini, sokoni Chikongola, wananiita Zimwi. Mama Somoe, muuza vitumbua, kaangalia, karudia kuangalia. Hakucheka. Kaniangalia miguu.

Hapo ndo nikaelewa.

Naandika hapa tu, kwa mtu siwezi kusema. Lipiko wa kijijini kwetu, yule mcheza ngoma ya jando anayefichwa uso, ni mimi. Nikivaa ile sura ya mti na njuga, wanawake na watoto hawatakiwi kujua nani yuko ndani. Kwao ni mzimu umekuja. Mjomba ndo alinifundisha mwendo: bega linashuka, mguu unaburuzwa, halafu unatikisa. Huohuo nimempa Eddo. Nilijiambia sponji si sura ya mti, basi hakuna kosa. Miguu sikuifikiria.

Jumamosi, 14 Juni

Watoto wametoka jando. Mdogo wangu Saidi yumo. Ngoma ikapigwa, nikaingia. Siku zote wanawake wanakimbia. Leo hawakukimbia. Katoto ka kike kakasema, "Mama, si yule wa kwenye simu?" Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Lipiko, vua kichwa unywe soda!" Uwanja mzima kicheko. Nikaendelea kucheza. Wapiga ngoma wakaacha mmojammoja. Nikabaki na njuga zangu tu. Saidi na nguo zake mpya kaangalia chini.

Nataka kufa.

Mjomba hakunipiga. Bora angenipiga.

Jumapili, 15 Juni

Sherehe inaendelea leo. Mjomba kaja asubuhi, kakaa mlangoni. "Leo naingia mimi." Goti lake bovu, hata chooni anaenda kashika ukuta. Nikamwambia, mjomba, utaanguka. "Nitaanguka nikishamaliza." Kachukua sura na njuga. Hazitarudi kwangu, najua. Kajipaka goti dawa, kajaribu mwendo uani. Bega, mguu, kutikisa. Mzuri kuliko wangu. Alipogeuka nikaona anauma meno.

Mimi kaniambia nikakae mbele, karibu na Mama Somoe, sura wazi, nile vitumbua, kila mtu anione. Lipiko akiingia na mimi nimekaa pale, basi si mimi. Anarudi kuwa mzimu. Na wakikimbia, na mimi nikimbie.

Wameshawasha moto wa kukazia ngoma, nasikia wanazijaribu. Naenda sasa. Lazima wanikute nimekaa kabla mjomba hajatokea.