Dawa Nyeupe Niliyoifuta

Baba,

Shikamoo. Nimeshaiandika ndipo nikakumbuka kwamba hutaiitikia, lakini siifuti. Wiki tatu hizi nimefuta vya kutosha.

Ni Jumamosi asubuhi. Niko mezani kwako hapa Nyakato, na kompyuta yako inawaka mbele yangu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu sithubutu kuipa mashine kazi yoyote kabla sijajua kama itakaa bila kukwama. Kila baada ya mistari michache nainuka kuigusa. Mama amesema nimemtia kizunguzungu, nikae chini. Nimekaa. Nimeinuka tena.

Kesho Baba Mdogo anavuka ziwa kutoka Sengerema na wazee wawili kuja kugawa vitu vyako. Baiskeli imeshapata wa kuichukua, koti pia. Kuhusu kompyuta alitamka siku ile ya kumaliza matanga, mbele ya watu wote: "Ikifanya kazi, abaki nayo binti. Isipofanya, iuzwe chuma chakavu." Hakukosea kusema hivyo, maana ilikuwa imekufa. Aliyeiua ni mimi. Hilo analijua Fundi Magesa peke yake, na sasa wewe.

Ulipozikwa, Mama Mkubwa aliagiza kila ulichokigusa kisafishwe. Nguo zikafuliwa, godoro likaanikwa, hata viatu vyako vya kiwandani vikapigwa rangi utadhani unakwenda harusini. Mimi nikachukua kompyuta. Nikafungua lile kasha ulilolikata kwenye bati la friji mbovu mwaka ule kiwanda kilipowapunguza nawe ukaiunda mwenyewe, nikafuta vumbi na wale wadudu wa ziwani waliokaukia kwenye feni. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikiamua kusafisha unanijua. Nikaachia kibanio, nikainua kile kipande cha aluminiamu chenye meno kama kitana kinachokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, na chini yake nikakuta uchafu mweupe, laini kama grisi. Nikaona aibu kwa niaba yako. Nikausugua kwa mafuta ya taa mpaka pakang'aa, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikajisifu.

Nilipoiwasha ilikaa dakika tano, ikakwama. Nikaizima, nikaiwasha, dakika tatu, ikakwama. Mama Mkubwa akasema mashine imemfuata mwenyewe, na akina mama wote jikoni wakaafiki. Kusema kweli nilitamani iwe hivyo. Ingekuwa si kosa la mtu.

Nisubiri, naigusa.

Iko sawa. Kilichonipoteza, Baba, ni kile kipimo chako cha kidole. Ulisema niweke kidole kwenye aluminiamu na kuhesabu. Nikifika kumi bila kukitoa, joto si baya. Nilihesabu mpaka thelathini. Aluminiamu ilikuwa baridi kabisa! Basi nikaapa kwamba tatizo si joto, nikalaumu mgao wa umeme, nikalaumu waya, nikamlaumu hata jirani na pasi yake. Juzi nikashindwa, nikaibeba kwenye kapu hadi Igoma kwa Fundi Magesa, rafiki yako wa redio. Kuuliza si ujinga, ila nilichelewa kuuliza.

Hakunicheka. Alifungua, akatazama, akauliza nani kaifuta dawa. Akanieleza kwamba chuma kikilala juu ya chuma, hata ukikibana vipi, hewa inabaki katikati, na joto linashindwa kupanda. Ule niliouita uchafu ndio dawa inayoziba mwanya huo. Ndiyo maana juu palikuwa baridi wakati chini prosesa inaungua. Akachota dawa nyeupe anayoitumia kwenye redio, kiasi cha punje ya mchele, akanifungia ndani ya kiberiti. Akaonya nisizidishe.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka. Uliniita siku ulipokuwa ukiipaka. Ulisema, "Njoo uone hapa, Pepe, hapa ndipo watu wengi wanapoharibu." Nilikuwa mlangoni, nimechelewa mazoezi ya kwaya. Nikakujibu nimeona. Sikuwa nimeona, Baba. Niliona mgongo wako tu. Naomba unisamehe, kwa hilo na kwa hii mashine.

Saa nzima sasa tangu niipake dawa na kuiwasha, haijakwama. Aluminiamu ni ya moto, nimefika kumi kwa kung'ata meno. Sijawahi kufurahia kuungua namna hii.

Jumapili, jioni.

Wamekuja, wameondoka. Baba Mdogo hakuangalia kioo hata kidogo. Alizunguka nyuma, akaweka kiganja penye feni, hewa ya moto ikampiga, akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akaketi na kusema kama ni nzima basi iandike yenyewe muhtasari wa kikao. Akaanza kutamka polepole ili nimfuate: kikao cha kugawa mali ya marehemu.

Vidole vikagoma. Wiki tatu nimesema Baba hayupo, Baba ametangulia, Mzee. Neno lile la mwisho alilolitaja, mimi sijalitamka hata mara moja. Msibani watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, sikulia. Baba Mdogo akainuka, sura imemshuka, akauliza, "Imekwama tena?"

Nikamwambia hapana, Baba Mdogo, ni mimi. Na hapo ndipo nikalia, mbele ya wazee, kwa sauti. Hakuna aliyeniharakisha. Mama alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Mashine ikanisubiri, haikuzimika, mpaka nikaliandika lile neno, na jina lako mbele yake.

Imebaki kwangu. Kuanzia wiki ijayo nitawachapia watu barua hapa hapa mezani kwako, na Mama amekubali.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Neno lile nimeshaliandika. Nakuahidi nitajifunza kulisema.

Binti yako,
Perpetua